Goroli ya Mukagasana

Kaze alishuka mtaa wa Gitega asubuhi ile kwa ajili ya saini tu. Faili lilikuwa limekamilika, mtuhumiwa yuko rumande, na mwendesha mashtaka alikuwa analisubiri mezani kwake. Kilichobaki ni mlalamikaji kutia sahihi maelezo yake, kisha Kaze, mpelelezi wa kesi, apande zake kurudi ofisini akanywe chai.

Duka la Mukagasana lilikuwa chumba kimoja kilichobanwa kati ya kinyozi na muuza mkaa. Mwenyewe alikuwa nyuma ya cherehani, amejitanda kitenge mabegani ingawa jua lilikuwa limeshawaka, na kila baada ya mishono michache alisimama akakohoa ndani ya leso. Alikuwa mama wa makamo, mtoto wa wakimbizi waliolelea watoto wao Karagwe, ng'ambo ya mpaka, na Kiswahili chake kilikuwa bado cha kule. Kaze, ambaye kwao Nyamirambo Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya jikoni, alipenda kuongea naye.

"Karibu Afande. Sogeza hizo sare za shule ukae."

Kaze akakaa, akafungua faili juu ya magoti yake.

Mambo yalivyokuwa ni hivi. Mwezi wa Februari Mukagasana alikwenda hospitali na kikohozi kisichosikia dawa. Alipigwa eksirei ya kifua, daktari akaisoma kwenye kompyuta, akaambiwa mapafu yake ni safi, akarudi kwenye cherehani yake. Oktoba akatema damu. Picha ya pili ilionyesha uvimbe kwenye pafu la kulia, mkubwa kama limau. Walipoifungua tena ile ya Februari, ilikuwa safi vilevile kama walivyoisoma. Uvimbe wa namna ile hauzuki patupu kwa muda mfupi hivyo, walisema madaktari, na hospitali ikaita wapelelezi.

Mtu aliyewasaidia kuliko wote ni Daktari Bayingana. Hakuwa daktari wa kutibu wagonjwa. Alikuwa mtafiti wa kompyuta, na maabara yake ya Kinyinya ndiyo iliyotengeneza hifadhi ya picha za hospitali na kuilinda. Ripoti yake ilikuwa fupi na imenyooka: hakuna mwizi aliyeingia kwenye hifadhi. Picha ya Oktoba inaonyesha kipande cha chuma mgongoni mwa mgonjwa, ya Februari haionyeshi. Kwa hiyo ya Februari si ya Mukagasana. Ni ya mtu mwingine, ikapewa jina lake palepale kwenye mashine. Na kwenye mashine asubuhi ile alikuwepo fundi mmoja tu, kijana anayeitwa Munyaneza.

Kaze alipombana, Munyaneza alikiri kwamba asubuhi ile alimwingiza shemeji yake kwa mlango wa nyuma akampiga picha bila kumwandikisha. Hapo kila kitu kikaonekana kukaa mahali pake: ile picha safi ni ya shemeji. Kaze alimtia pingu uani kwake, hukuhuku Gitega, mke wake akiwa ameshika ndoo ya maji na majirani wakichungulia.

"Kuna sehemu moja sikuijaza, mama," Kaze alisema. "Alama za kudumu mwilini. Hicho chuma cha mgongoni ni nini?"

Mukagasana alicheka, na kicheko kikageuka kikohozi. Akafuta mdomo. "Goroli ya gobore. Nilikuwa mtoto. Mjomba wangu alikuwa anafukuza ngedere kwenye mahindi, na mimi niko juu ya mparachichi wa watu. Akaona majani yanatikisika, akafyatua. Ikaniingia hapa." Alipeleka mkono nyuma ya bega la kulia. "Nikaanguka, na mtulinga nao ukavunjika, huu mfupa wa chini ya shingo. Shika. Unaona fundo lilivyo? Uliunga vibaya. Mjomba alilia kuliko mimi. Mpaka anakufa hakuwahi kunitazama machoni."

Kaze alishika. Fundo lilikuwa gumu kama kiini cha tende.

"Wakati wa kupigwa picha hiyo goroli haikuletei taabu?"

"Taabu gani? Wananiuliza tu. Hata yule kijana mliyemfunga aliniuliza. Alinipiga picha, akaenda kwenye kioo chake huko, akarudi mbio. 'Mama, iko shanga mugongo? Toa, turudie.' Nikamwambia si shanga mwanangu, na hiyo haitoki. Tukacheka wote wawili."

Kalamu ya Kaze ilisimama. "Siku gani hiyo?"

"Siku hiyohiyo ya Februari. Mimi yule nimemwona mara moja tu maishani. Oktoba nilipigwa na dada mmoja mnene, mpole sana."

Mtu anaweza kusikia jambo mara mbili na likamwingia mara ya pili tu. Siku ya kwanza ya mahojiano Munyaneza alisema, na Kaze alimsikia kwa masikio yake mawili: "Ule mama iko na kitu mugongo, Afande, mimi niliona." Na Kaze alimjibu nini? Alimwambia, "Hilo neno umelisikia kwangu sasa hivi, usinirudishie." Hakuliandika. Kwenye faili lile nene, lenye muhuri kila ukurasa, neno hilo halikuwepo popote.

"Afande," Mukagasana alisema, kalamu ikiwa tayari mkononi, "saini niiweke wapi?"

"Usiweke," Kaze alisema. "Bado, mama. Nipe siku ya leo."

*

Daktari Mutesi, msomaji wa picha wa hospitali, alifanya kazi katika chumba chenye mapazia mazito. Alizifungua picha mbili ubavu kwa ubavu: Oktoba kushoto, Februari kulia.

"Usitazame mapafu," Kaze alimwambia. "Nitazamie mtulinga wa kulia."

Mutesi alivuta picha ya Oktoba karibu. Mfupa ulipita ukiwa umenyooka, ukafika kwenye fundo, ukapinda kidogo, ukaendelea. Akahamia picha ya Februari. Mfupa ulipita ukiwa umenyooka, ukafika kwenye fundo.

Alipima fundo la kwanza, akapima la pili, kisha akaondoa mkono kwenye kipanya kama mtu aliyeungua.

"Ni mtu mmoja," alisema.

"Una hakika?"

"Mfupa hauungi vivyo hivyo kwa watu wawili. Hii ni picha yake. Zote mbili ni zake." Aligeuka. Alikuwa mwanamke mkubwa kwa umri kuliko Kaze, aliyezoea kuulizwa na kujibu. "Nililetewa ripoti inayosema si yake. Kwa hiyo sikutazama mfupa. Nilitazama chuma tu, kwa sababu niliambiwa nitazame chuma."

"Hata mimi," Kaze alisema. "Basi kama ni yake, goroli iko wapi?"

Mutesi aliikuza picha pale ambapo goroli ilipaswa kuwa. Kivuli cha mbavu kilipita bila kukatika. Mishipa midogo ya pafu ilisambaa kama mizizi, haina pengo wala doa.

"Imefutwa. Lakini mtu hawezi kufuta hivi kwa mkono. Hapa palipokuwa na goroli pamejazwa pafu. Pafu zuri kabisa."

"Na uvimbe?"

"Kama goroli ilifutwa..." Mutesi hakumalizia. Alisogeza kishale chini kidogo, mahali ambapo Oktoba palikaa limau. Februari pafu la pale lilikuwa safi, zuri kabisa, la namna ileile. "Wakati ule ungekuwa mdogo, kama harage. Angefanyiwa upasuaji, akapona."

"Na sasa?"

"Sasa tutaanza dawa. Usiniulize zaidi ya hapo."

Kaze alisimama mbele ya kioo kile akijiuliza swali moja. Mtu anayetaka kuficha uvimbe ana sababu zake. Watu huficha maovu kila siku. Lakini nani angehangaika kufuta goroli ya gobore? Goroli haikumdhuru mtu, na mgonjwa mwenyewe anaijua. Kuifuta ni kujitia kitanzi, maana kukosekana kwake ndiko kulikofanya picha itiliwe shaka. Mwenye akili angeiacha.

"Aliyefuta hakujua tofauti," alisema polepole. "Aliona kitu cheupe, kidogo, cha mviringo. Akaona kingine cheupe, cha mviringo. Akafuta vyote viwili. Huyo si mtu, Daktari."

Mutesi aliitazama tena ile picha. Kisha akasema, "Kule Kinyinya wana programu ya namna hiyo. Bayingana aliwahi kutuonyesha. Wanaiita Kifutio."

*

Maabara ya Kinyinya ilikuwa ghorofa ya juu ya jengo jipya, mtaa ambao nusu yake bado ilikuwa majukwaa ya mbao ya ujenzi na marundo ya kokoto. Daktari Bayingana alikuwa ametoka. Aliyempokea Kaze ni Gaju, mtafiti kijana, mwenye miwani na sweta lililomzidi kiasi.

"Kifutio? Ni changu," Gaju alisema, na fahari ilimtoka kabla hajajua anaongea na nani. "Namaanisha mimi ndiye niliyekifundisha. Ni mwizi wetu wa kujifanya. Kinachukua picha halisi na kuondoa ugonjwa ndani yake, halafu tunaona kama mlinzi atagundua. Mlinzi ni muhuri, hesabu ya siri tunayoificha ndani ya kila picha inapoingia. Ukigusa nukta moja, kengele inalia."

"Nionyeshe."

Kaze alikuwa amekuja na picha ya Oktoba kwa idhini ya hospitali, haina jina. Gaju aliiweka, akabonyeza. Kioo kilifikiri kidogo. Kisha limau likatoweka. Pamoja nalo, juu kidogo, goroli ya Karagwe nayo ikatoweka.

Gaju alitabasamu kwa aibu kidogo. "Kinakosea kwenye vyuma. Nilitaka kukirekebisha. Hakijui chuma ni nini, chenyewe kinaona kitu cha..."

Alikatisha mwenyewe. Kaze alikuwa amefungua picha ya Februari kwenye simu ya kazi na kuisogeza karibu na kioo. Pafu kwa pafu, fundo kwa fundo, zilifanana.

"Hii umeitoa wapi?" Gaju aliuliza.

"Kwenye hifadhi ya hospitali. Hifadhi halisi, ambayo madaktari wanasomea."

"Oya, hapana. Haiwezekani. Kifutio hakijawahi kugusa hifadhi halisi. Kina hifadhi yake ya majaribio."

"Siku zote?"

"Siku zote." Kisha uso ukambadilika. "Siku moja tu hifadhi ya majaribio ilikufa. Wageni walikuwa njiani, wale wa kukagua utafiti. Nilishuka chini kwenye mitambo kuifufua. Niliporudi Daktari alikuwa ameshamaliza kuonyesha, watu wanapiga makofi. Aliniambia ameiwasha mwenyewe." Alivua miwani. "Mimi nilikuwa bado sijaiwasha, Afande. Nilifikiri labda anajua njia nyingine. Sikuuliza."

"Siku gani?"

Gaju aliitaja. Kaze hakuwa na haja ya kufungua faili. Tarehe hiyo alikuwa ameiandika mara nyingi kwa mkono wake mwenyewe, kando ya jina la Munyaneza.

"Yule mama," Gaju alisema. "Wa kwenye habari. Mshonaji. Ni mimi? Ni kazi yangu iliyo..."

"Kaa chini, dada," Kaze alisema. "Usiguse kitu chochote. Kaa tu."

Daktari Bayingana aliingia akiwa na koti mkononi. Alikuwa mtu mrefu, mpole, aliyesomea Kampala kisha nchi za mbali, na aliyeongea kila neno kana kwamba anaogopa kulivunja. Alimwona Kaze, akamwona Gaju, akaona vioo viwili. Koti likamteleza, naye hakuliokota.

"Afande," alisema. "Munyaneza vipi? Anakula?"

Wiki nzima alikuwa akimpigia Kaze simu kumuuliza hilohilo. Anakula? Analala? Kuna blanketi? Na Kaze alikuwa amewaambia wenzake ofisini kwamba yule msomi ana roho nzuri.

"Chakula hali vizuri," Kaze alijibu. "Mtu asiye na kosa atapataje hamu ya kula rumande, Daktari? Nieleze."

Bayingana alivuta kiti akaketi.

"Ripoti yako," Kaze aliendelea. "Uliandika kuhusu chuma. Kwa nini hukuandika kuhusu mtulinga?"

"Sikuwa..."

"Uliuona?"

Nyundo za mafundi zilisikika kutoka jengo la jirani.

"Niliuona," Bayingana alisema.

"Ukajua ni picha yake."

"Nilijua kabla ya mtulinga. Niliposikia tarehe tu nilijua."

"Anza na siku ya wageni."

Alianza, na alipoanza hakuhitaji kusukumwa. Hifadhi ya majaribio imekufa, wageni wako mlangoni, utafiti wa miaka umefika ukingoni kukubaliwa au kutupwa. Alikigeuza Kifutio upande wa hifadhi halisi, kwenye picha zilizoingia asubuhi ileile, kwa muda wa maonyesho tu. Muhuri ungelia, angezirudisha picha kama zilivyokuwa, na hakuna ambaye angejua. Kengele zililia vizuri. Wageni walifurahi. Alizirudisha zote zilizolia.

"Na zisizolia?"

"Muhuri haukupaswa kukosa hata moja."

"Sikuuliza ulipaswaje."

Bayingana alitazama mikono yake. "Hospitali ilikuwa inalalamika mfumo ni mzito. Kwa hiyo nilikuwa nimeupunguza. Badala ya kukagua picha nzima, muhuri ulikagua vipande vichache vya kila picha. Kifutio kikifuta mahali pasipokaguliwa, kengele hailii. Nilifikiri uwezekano ni mdogo mno."

"Ulijua zipo zilizopita kimya?"

"Nilijua zilizokwenda ni ngapi na zilizorudi ni ngapi. Hazikulingana. Wageni walikuwa bado wanapiga makofi."

Gaju alitoa sauti ndogo, kama mtu aliyejikata kidole.

"Kwa hiyo si Mukagasana peke yake," Kaze alisema. "Kuna watu wengine mjini humu, wametembea miezi yote hii wakijua ni wazima."

"Ndiyo."

"Kwa nini hukusema? Hata kesho yake?"

"Siku ile niliona aibu. Baadaye nikasema nitazitafuta mwenyewe kimyakimya. Nilitafuta, Afande, kweli nilitafuta. Lakini Kifutio kinafuta vizuri. Ndivyo tulivyokitengeneza. Halafu kila siku niliyokaa kimya ikawa kosa jipya la kueleza, juu ya lile la kwanza."

"Na Munyaneza?"

"Sikumtaja jina. Niliandika tu kwamba ilitokea kwenye mashine. Nilidhani mtamhoji, mtakosa ushahidi, mtamwachia."

"Ushahidi ulikuwa ni ripoti yako," Kaze alisema.

Bayingana alifunika uso kwa viganja. Hakulia. Mabega yalikuwa yanapanda na kushuka tu. Kaze alimtazama na akatafuta hasira ndani yake, ile ambayo humsaidia mpelelezi kumaliza kazi, akaikuta haitoshi. Ripoti iliandikwa na huyu. Lakini aliyeichukua bila kuuliza swali la pili, kwa sababu mwandishi wake alikuwa na cheo na kauli tamu, ni nani? Aliyemwambia kijana wa Gitega asirudishe maneno, ni nani?

"Inuka, Daktari," alisema. "Kabla sijakupeleka kituoni kuna kazi. Wewe na Gaju mtampigia Daktari Mutesi sasa hivi, mimi nikiwa nasikiliza. Mtamtajia kila mtu aliyepigwa picha asubuhi ile. Waitwe wote, wapigwe upya, kuanzia leo."

Bayingana alipiga simu mwenyewe. Alimweleza Mutesi mambo yote tangu mwanzo, hakuacha hata la wageni kupiga makofi. Kisha Mutesi akasema, "Taja majina," na Gaju akaanza kuyasoma kwenye kioo, moja baada ya jingine.

*

Hati ya kumwachia Munyaneza ilitoka alasiri. Kaze hakuituma kwa askari, aliipeleka mwenyewe.

Munyaneza alitolewa akiwa na shati lilelile alilokamatwa nalo. Alikuwa kijana wa mwili mdogo, na rumande ilikuwa imempunguza zaidi. Kaze alimweleza kila kitu wakiwa wamesimama kwenye korido: goroli, mtulinga, Kifutio, Bayingana. Alipomaliza akaongeza, "Ulinieleza siku ya kwanza. Ulisema ulikiona kitu mgongoni. Mimi sikuandika. Kosa hilo ni langu, si la mwingine. Mbabarira, nisamehe."

Munyaneza alikuwa anafunga kamba za viatu alivyorudishiwa. Alifunga cha kushoto, akafunga cha kulia.

"Ule mama," aliuliza, "atapona?"

"Hawajui."

"Nilimwambia shemeji aje siku ile. Bila kumuandika. Hiyo ni kosa yangu, nilikubali. Kama mimi haikufanya vile, na wewe haungenishika."

"Hilo ni kosa dogo. Utaulizwa kazini, lakini si la kufungwa."

"Ndiyo." Alisimama. "Afande, hii karatasi inasema niko huru. Iko sawa. Lakini karatasi itasomwa na nani kule Gitega? Bibi yangu anauza nyanya mulangoni. Niliambiwa hawanunui tena kwake. Wanasema bwana yako anauza picha za wagonjwa, ameua mama wa cherehani. Nikirudi na karatasi, nitaionyesha kila nyumba?"

Kaze aliitazama ile karatasi yenye muhuri.

"Ulinifunga mbele yao," Munyaneza alisema. Hakupaza sauti. "Nirudishe mbele yao."

Angeweza kusema taratibu haziko hivyo. Kulikuwa na barua ya kuandika, msemaji wa ofisi, mkuu wake Karangwa ambaye bado hakuwa amejua lolote. Yote hayo yalimjia kwenye ulimi, tayari kabisa, na akashangaa jinsi yalivyokuwa mepesi.

"Twende," alisema.

Gari la ofisi lilishindwa kuingia kwenye kichochoro, wakateremka kwa miguu. Ilikuwa saa ya watu kurudi kutoka sokoni. Kwenye lango la nyumba ya Munyaneza mwanamke alikuwa ameketi nyuma ya kibanda cha nyanya zilizopangwa mafungu mafungu, na mengi yalikuwa yamelegea. Alimwona mumewe, akasimama, akamwona Kaze nyuma yake, akakaa tena.

"Wamenitoa," Munyaneza alimwambia. "Huyu iko na neno."

Majirani walikuwa wameshaanza kukusanyika, vilevile kama siku ile. Kinyozi alitoka na mkasi mkononi. Wanawake wawili wenye madumu walisimama. Mzee mmoja aliyekuwa anakunywa uji kibarazani aliweka kikombe chini. Kaze aliwahi kuongea mbele ya mahakimu na mbele ya majambazi wenye silaha, lakini hapa hakujua aanzie wapi, akaanza na jina lake.

"Naitwa Kaze," alisema. "Mimi ndiye niliyemfunga Munyaneza hapa uani kwake. Hakuuza picha ya mtu. Hakubadilisha picha ya mtu. Hakumdhuru Mukagasana. Alinieleza ukweli tangu siku ya kwanza, nikakataa kumsikiliza. Aliyekosea ni mtu mwingine, amekiri mwenyewe, na baada yake niliyekosea ni mimi."

Mmoja wa wanawake wenye madumu aliinamisha macho. Mzee alikitazama kikombe chake kana kwamba ndio kwanza anakiona. Aibu hiyo Kaze aliitambua, maana alikuwa ameibeba mwenyewe tangu asubuhi.

Mke wa Munyaneza ndiye aliyesema, hatimaye. Alikuwa ameshika ukingo wa kibanda kwa mikono miwili, na macho yake hayakumwacha Kaze.

"Sema tena," alisema. "Kuna wengine kule nyuma hawakusikia."

Kaze akageukia kichochoro, akapaza sauti, akaanza upya.